Chuma Kinacholifuata Jua

Jeraha la Ezra lilikuwa na meno.

Daktari alilichora kwenye karatasi akampa Inspekta Kassian bila maneno mengi. Mstari uliopinda kidogo, kama kipande cha ukingo wa sinia, juu ya sikio la kushoto. Ndani ya mstari kulikuwa na alama ndogondogo zilizopangana sawasawa kama meno ya zipu. Fuvu lilikuwa limebonyea.

Panga halifanyi hivyo. Lakini mkuu wa upelelezi pale Tarime alikuwa na mtu mahabusu tayari. Nashoni, kijana wa Itiryo, alimtishia Ezra mbele ya watu kwamba atamkata panga kwa ajili ya ng'ombe walioingia kwenye mahindi. Alhamisi jioni Ezra akakutwa amekufa kwenye uzio wa mikatani, pembeni mwa shamba lake. Ijumaa Nashoni akakamatwa na panga lake. Jumatatu asubuhi alikuwa anapelekwa mahakamani kwa kosa la mauaji.

"Alisema atamuua, na jamaa amekufa," mkuu alisema. "Unataka nini zaidi, Kassian?"

"Nataka kitu chenye meno."

"Una Jumapili moja. Kitafute."

Jumamosi Kassian alikuwa amehangaika na gia ya baiskeli ya Nashoni. Aliifungua mwenyewe, akaibana kwenye udongo laini, akalinganisha na mchoro. Duara lilikuwa dogo mno na meno makubwa mno. Akajaribu mundu wa kukatia mtama. Akajaribu msumeno. Hakuna kilichofanana.

Jumapili asubuhi Koplo Bhoke, binti mwenyeji wa huko huko Tarime, aliuangalia ule mchoro akiwa anakunywa chai.

"Afande, Itiryo kuna mzee anapima jua," alisema. "Ana chuma kama kipande cha pai, kina meno chini. Nikiwa mdogo tulikuwa tunajificha kwenye mahindi tunamchungulia. Tulijua ni mchawi."

"Anapima jua kwa vioo?"

"Vioo na beseni la oili chafu."

Kassian aliweka kikombe chini. "Hiyo ni sekstanti, chombo cha mabaharia cha kujua walipo. Shamba lake liko wapi?"

"Ndiyo hapo sasa. Uzio wa mikatani ni mpaka wake na Ezra."

Walifika Itiryo saa saba mchana. Mzee Nyangwine alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya paa la nje, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Alikuwa amefanya kazi kwenye meli za mizigo tangu ujana, akaishia msaidizi wa nahodha, halafu akarudi nyumbani kufuga.

"Shikamoo mzee," Kassian alisema.

"Marahaba." Shikamoo ya Bhoke aliijibu kwa Kikurya, akamuuliza yeye ni wa ukoo gani. Alipojibiwa aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika. Kisha akamgeukia Kassian. "Wewe si wa huku."

"Mimi wa Tanga. Nilikuwa polisi wanamaji kabla ya kuletwa kwenu."

"Tanga." Mzee alicheka kwa pua. "Mnaendesha boti huku mnaiona nyumba ya mama. Hiyo mnaiita bahari?"

"Kulikuwa na nahodha mmoja mstaafu, alitufundisha sekstanti siku za mvua. Nimesikia unayo."

Cheko lilikatika. "Ninayo."

"Naomba kuiona."

Mzee aliingia ndani polepole. Kassian alimsikia akivuta kitu sakafuni. Alirudi na sanduku la mbao la mraba, akaliweka mezani, akalifungua. Ndani ya kitambaa cha kijani kulikuwa na chuma kizito cha shaba chenye umbo la kipande cha pai: mkono mmoja unaotembea, vioo viwili, darubini fupi, na chini upinde wenye meno madogo yaliyopangana sawasawa.

Kassian alitoa karatasi ya daktari, akaulaza upinde juu ya mchoro. Ulilala mahali pake.

Bhoke alivaa glovu.

Kassian aliinama akanusa kitambaa cha kijani. "Mzee, chuma hiki unakisafisha kwa nini?"

"Oili ya cherehani. Tone moja, na brashi ya mswaki."

"Sanduku linanuka mafuta ya taa."

"Mafuta ya taa yanakula kioo," mzee alisema haraka, kama mtu anayemkanya mwanafunzi. Alikuwa amesema zaidi ya alivyotaka.

"Ndiyo. Wewe unajua. Aliyeosha hakujua."

Kassian alikwenda kwenye mlango wa ghala. Ulikuwa umejaa chaki. Siku moja mstari mmoja, mistari imepangwa kutoka juu kwenda chini, na kila mstari ulikuwa na sehemu mbili, asubuhi na jioni. Alisoma kimya, kidole kikishuka.

"Nieleze hizi."

"Kila siku saa tatu asubuhi na saa kumi jioni," mzee alisema. "Mchana haiwezekani, jua la huku linasimama utosini na upinde hauwezi kufika. Beseni la oili linanipa jua la chini, kama kioo. Nalishusha jua la juu kwa vioo mpaka yagusane. Nasoma, nagawa kwa mbili, naangalia saa, nafungua vitabu vya jedwali. Vinaniambia niko wapi."

"Uko nyumbani kwako."

"Najua niko nyumbani kwangu! Ndiyo maana napima. Naandika nimekosea kilomita ngapi na upande gani. Sifuri, nimelenga. Moja mashariki, mbili magharibi. Mtu wa umri wangu lazima ajue kama kichwa bado kinafanya kazi."

"Mpaka Alhamisi asubuhi kinafanya kazi vizuri. Sifuri, moja, mbili, moja. Alhamisi jioni hukupima."

"Nilikuwa kwenye kikao cha kata. Tangu saa tisa mpaka usiku. Muulize mtendaji, nilikaa kiti cha pili kutoka kwake."

"Nimeshamuuliza kwa simu, tukiwa njiani. Ijumaa asubuhi, saba mashariki. Ijumaa jioni, saba magharibi. Jumamosi nane mashariki, saba magharibi. Leo asubuhi saba mashariki."

"Macho," mzee alisema. "Nina mtoto wa jicho."

"Macho mabaya yanakosea ovyo. Leo tatu huku, kesho tisa kule. Hili kosa lako lina adabu, halibadiliki."

"Basi ni saa. Simu hii ya mchina."

Kassian alitikisa kichwa. "Saa ikienda mbele, asubuhi utajikuta magharibi na jioni utajikuta magharibi vilevile. Ikibaki nyuma, mashariki mara zote mbili. Wewe asubuhi jua liko mashariki, unakosea mashariki. Jioni jua limekwenda magharibi, unakosea magharibi. Unalifuata jua, mzee. Hiyo si saa wala si macho. Ni chuma kinasoma juu kuliko kweli. Na kimeanza Ijumaa."

Mzee alitazama mikono yake.

Kassian alivaa glovu za Bhoke, zikambana vidole. Aliinua sekstanti, akauweka mkono kwenye sifuri, akaelekeza darubini kwenye ukingo wa kilima cha mbali, upande wa mpaka wa Kenya. Kwenye sifuri, mstari wa kilima ulitakiwa kupita moja kwa moja kutoka kioo mpaka nje ya kioo. Haukupita. Katikati ulikatika, nusu moja iko juu ya nyingine, kama kipande cha ngazi.

"Njoo uone, Koplo."

Bhoke alichungulia. "Kilima kimevunjika."

"Kioo kimesogea. Kimegongwa na kitu kigumu."

Alirudisha chuma mezani. Ndani ya sanduku, kwenye kijishimo chake, kulikuwa na kiufunguo kidogo kuliko msumari. Kassian alikigusa kwa ncha ya kidole.

"Mtu wa meli anaangalia sifuri kabla ya kupima chochote. Mimi wa boti ya Tanga nimeangalia, sembuse wewe. Ijumaa asubuhi uliona kilima kimekatika. Kukaza kioo kwa ufunguo huu ni dakika moja. Hukukaza. Hata kulitoa kosa kwenye hesabu hukulitoa. Umeandika saba, saba, nane, saba, mbele ya kila anayepita, ili watu waseme mzee macho yamekwisha."

Mzee Nyangwine aliugeukia mlango wa ghala.

"Ukikaza kioo unakubali kwamba kiligongwa. Nani alikichukua?"

"Hakuna anayeingia chumbani kwangu."

"Mama yuko wapi?"

"Felista yuko Nyansurura kwenye msiba wa dada yake. Tangu Jumanne. Mpigie."

Bhoke alisogea pembeni akapiga simu. Ilipokelewa, watu wakiimba nyuma. Felista alimpa simu mchungaji, mchungaji akampa mwenyekiti wa kitongoji. Wote walisema jambo moja. Mama hajatoka msibani tangu Jumanne.

"Anayelinda nyumba ukiwa hupo ni nani?" Kassian aliuliza.

"Evance. Mwanangu. Amepeleka ng'ombe kwenye maji."

"Ufunguo wa nyumba Alhamisi alikuwa nao nani?"

"Yeye. Lakini haingii chumbani. Muulize huyu binti."

Kassian na Bhoke walikwenda kusimama karibu na gari.

"Ni Evance," Kassian alisema.

"Haiwezekani, afande."

"Ufunguo anao yeye. Mzee alikuwa kikaoni, mama alikuwa msibani. Nani mwingine?"

"Hunielewi. Mtoto wa kiume akishatahiriwa haingii chumba anacholala baba yake. Anajengewa cha kwake. Akitaka kitu anasimama nje anaita. Kaka zangu hawajawahi kuingia, na baba alipougua tulimtoa sisi wasichana. Yaani hata nyumba iungue."

"Mtu ameua, Bhoke. Unaniambia ataogopa mlango?"

"Kuua watu wanaua. Hili hawalifanyi."

"Hilo utamwambia hakimu? Kwamba muuaji hakuweza kuwa muuaji kwa sababu ya mlango?"

"Hakimu akiwa mtu wa huku ataniuliza hivyohivyo. Na wakili wa Evance atasimamia hapo hapo. Ukoo mzima utakuja kuapa, na hawatakuwa waongo." Alijifuta jasho. "Naomba niangalie ndani. Peke yangu."

Kassian alibaki nje na mzee. Kuku walipita katikati yao. Kwenye ukuta wa zizi kulikuwa na ngozi ya mbuzi imewambwa kwa vijiti, bado mbichi pembeni, na nzi juu yake.

Bhoke alitoka akiwa amekunja uso. Hakumwendea Kassian. Alikwenda mbele ya mzee, akachuchumaa chini kama binti anavyochuchumaa mbele ya baba, na akasema kwa Kiswahili.

"Baba, mbuzi huyu mlimchinja lini?"

"Ijumaa."

"Mgeni alikuwa nani?"

Mzee aliitazama ile ngozi ukutani.

"Mama hayupo. Mgeni hakuna. Mzee mmoja amemalizaje mbuzi mzima?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nimeona miimo ya mlango wa chumba. Imepakwa majani ya tumboni mwa mbuzi, pande zote mbili na chini kwenye kizingiti. Yamekauka."

Mzee alifumba macho.

Bhoke alimtazama Kassian. "Hiyo ni kuusafisha mlango, afande. Mtoto akivuka, baba hawezi kulala tena mle mpaka achinje na kupaka. Kwa kawaida wanaitwa wazee wa ukoo, inafanyika hadharani, na mtoto anatajwa. Huyu amechinja mwenyewe, kimya kimya." Akasimama. "Kioo aliweza kukiacha. Mlango asingeweza."

"Nyama uliipeleka wapi, mzee?" Kassian aliuliza.

"Nimefukia," mzee alisema. "Nyama hiyo hailiwi na mtu mmoja."

"Nashoni kesho anapelekwa mahakamani. Unalijua hilo?"

"Najua."

"Kosa la mauaji halina dhamana. Atakaa miaka akisubiri. Mwishoni wanaweza kumnyonga."

"Najua, nimesema!" Mzee alipiga goti lake kwa ngumi. "Una mtoto wewe?"

"Ninao."

"Basi nyamaza kidogo."

Kengele za ng'ombe zilisikika kwa mbali, halafu karibu, na vumbi likaonekana juu ya uzio. Evance alikuja nyuma ya kundi, kijana mrefu mwenye buti za mpira, fimbo begani. Aliliona gari kwanza. Kisha akawaona wao, na sanduku mezani likiwa wazi. Hakukimbia. Aliingiza ng'ombe zizini mmoja mmoja, akaweka miti ya mlango, na akabaki amesimama pale akiwa ameishika.

"Evance," Kassian alisema. "Mimi ni Inspekta Kassian. Huna lazima ya kusema chochote. Utakachosema kitaandikwa na kinaweza kutolewa mahakamani. Umenielewa?"

Kijana alimtazama baba yake. Alisema maneno mafupi kwa Kikurya. Bhoke aliinua kichwa, lakini mzee alimwahi. Akajibu kwa Kiswahili, taratibu, ili kila mtu pale asikie.

"Waambie. Chumba nimeshakisafisha. Hiki kingine mimi siwezi kukisafisha."

Evance aliiachia miti. Alikaa chini pale pale kwenye mavi ya ng'ombe.

"Ezra aling'oa mikatani," alisema. "Akasogeza kwetu. Hatua nane. Nilimwambia asubiri mzee atoke kikaoni, akasema mzee mwenyewe haoni. Nikamwambia mzee ana chuma cha kujua mahali popote duniani. Kwamba meli zinakwenda mpaka Ulaya kwa chuma hicho. Akasema kilete basi, tuone."

"Ukakileta."

"Nilisimama mlangoni muda mrefu. Sijawahi kuingia, afande. Nikaingia. Nikakivuta chini ya kitanda, nikaenda nacho." Alikuwa anatazama buti zake. "Nikakiweka jichoni kama nilivyokuwa namwona mzee. Sikuona kitu. Weusi tu. Nikageuza huku, nikageuza kule. Ezra akacheka. Akaita watoto wake waje waone, bahati hawakusikia. Akasema, baba mjinga kazaa mjinga, mnalichungulia jua kama mijusi. Ndiyo nikampiga. Mara moja. Nilidhani atanyanyuka."

"Ukakiosha."

"Kwa mafuta ya taa. Kilikuwa na nywele kwenye meno."

Bhoke aliacha kuandika kidogo, kisha akaendelea.

Mzee Nyangwine alikuwa amesimama. "Hatua nane," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Chuma hiki kikiwa kizima, mikononi mwangu, kinakosea kilomita moja, mbili. Nimeandika mlangoni kila siku. Unapita hapo kila siku na ndoo ya maziwa." Sauti yake ilikwaruza. "Mpaka wa hatua nane hakiwezi. Hata mimi nisingeweza. Hakuna mtu anayeweza."

"Sikujua," Evance alisema. "Nilijua wewe hukosei."

Mzee aligeuka akaingia zizini katikati ya ng'ombe, akaanza kuwafunga miguu kwa ajili ya kukamua, ingawa muda wa kukamua ulikuwa bado.

Kassian aliitia sekstanti kwenye mfuko wa vielelezo bila kuugusa mkono wala vioo, akaandika juu yake kwa kalamu nene: ISIREKEBISHWE. Alipiga picha mlango wa ghala, mstari kwa mstari. Akapiga picha miimo ya mlango wa chumba akiwa amesimama sebuleni. Bhoke alimwomba asivuke, naye hakuvuka.

Kisha akapiga simu Tarime.

"Mkuu, Nashoni asipelekwe kesho."

"Umepata chenye meno?"

"Nimekipata. Na aliyekishika. Ametoa maelezo mbele ya Koplo na mbele ya baba yake."

"Baba yake amekubali kusaini?"

Kassian alimtazama mzee, mgongo wake tu ukionekana juu ya ng'ombe. "Atasaini."

"Basi mlete. Nitaandika Nashoni atoke leo. Ila hali yake si nzuri sana, vijana hapa walimbana Ijumaa. Wataita ndugu zake wamchukue."

Kassian alikata simu bila kuaga.

Walimfunga Evance pingu kwa mbele. Aliingia nyuma ya gari mwenyewe, akajisogeza mpaka dirishani. Bhoke alikaa pembeni yake. Hakuna mtu aliyetoka zizini kuwaaga. Gari lilipita kwenye uzio wa mikatani, mahali ambapo udongo mpya ulionyesha mashimo ya mimea iliyong'olewa, likashika barabara ya kwenda mjini.

Walikuwa wamekaribia lami Evance alipoongea.

"Afande. Naomba kitu kimoja."

"Sema."

"Msiniweke na Nashoni selo moja. Mimi na yeye tulitahiriwa siku moja, tumesimama kwenye mstari mmoja, bega kwa bega. Kwetu huyo ni zaidi ya ndugu. Siku zote hizi alikuwa mle ndani, na mimi nilikuwa nachunga."

Kassian aliangalia mbele. Dereva alipunguza mwendo kupisha mbuzi.

"Hamtakaa wote," alisema. "Yeye anatoka leo. Wewe ukiwa unaingizwa, yeye atakuwa anatolewa. Mtapishana kaunta."

Evance aliinama mpaka paji la uso likagusa pingu, na hakuinuka tena mpaka gari liliposimama mbele ya kituo, ambako watu wawili walikuwa wanamtoa Nashoni nje, mmoja kila upande, kwa sababu hakuweza kutembea.